Maji ya mfereji ni masafi, lakini tope lake je?

Mwalimu mmoja wa Kano, upande wa Ahero huko Kisumu, ametuandikia: "Mfereji unaopita nyuma ya shule yetu ulikuwa na kamba wadogo na vifaranga vya samaki hadi miaka michache iliyopita. Sasa hawapo, waliojaa ni konokono. Majirani wa upande wa juu wanalima mpunga na nyanya, na wakati wa nyanya hunyunyiza dawa karibu kila wiki. Tulipeleka chupa ya maji maabara, jibu likarudi kwamba hakuna dawa iliyoonekana. Mwezi ujao vijana wanazibua mfereji, na lile tope jeusi nataka kulitandaza kwenye bwawa langu la ngege kwa sababu lina rutuba. Kuna ubaya wowote?"

Mwalimu, tope hilo usiliweke bwawani. Kama una haraka unaweza kuishia hapo, lakini najua wale vijana wenye majembe watakuuliza sababu, na "mtaalamu amekataza" si jibu la kumpa mtu aliyeshinda mferejini siku nzima.

Nianze na ile karatasi ya maabara. Sidhani kama ilikosea. Ilijibu swali ililoulizwa, na swali lenyewe lilihusu maji. Chukua sufuria uliyokaangia omena, itie maji baridi, isuuze mara moja, kisha tazama maji unayomwaga: yanakaribia kuwa masafi. Sasa pitisha kidole ndani ya sufuria. Utando upo palepale. Dawa nyingi za kuua wadudu zinazouzwa siku hizi zina tabia ya mafuta hayo. Haziyapendi maji. Zikiingia mferejini hutafuta kitu cha kushika, na kilicho karibu ni chembe ya udongo wa mfinyanzi au jani lililooza. Baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya dawa imeshahamia kwenye chembe, chembe zimezama, na maji yanayopita juu yakipimwa yanaonekana hayana neno. Ninyi mlipima maji ya kusuuzia sufuria.

Hebu soma vibandiko vya chupa tupu zilizotupwa kando ya mashamba hayo ya nyanya. Utakuta majina mengi ya viini vya sumu yanayoishia na "thrin". Hizo ni pairethroidi, na zina ukoo na Nakuru. Lile ua jeupe la pareto lililowatajirisha watu wa Molo, huko Nakuru, wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza ulimwenguni kwa zao hilo, lina sumu ya wadudu ambayo jua huivunja upesi sana. Wanakemia walitaka sumu kama hiyo lakini isiyoogopa jua, na mnamo 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakaipata: permethrini. Baada yake zikaja sipamethrini, deltamethrini, lamda-sihalothrini, bifenthrini. Binadamu na ndege huzistahimili kwa kiasi, ndiyo maana zinatiwa hata kwenye neti tunazolalia. Wadudu, kamba na samaki hawana ngao hiyo. Tangu viwavijeshi vamizi waingie mashamba ya mahindi ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017, pampu ya mgongoni imekuwa haipumziki, na baadhi ya kinachonyunyizwa ni cha jamii hii.

Sasa tazama mahali mlipo. Mto Nyando huteremka kutoka milimani ikipita kwenye miwa ya Muhoroni na Chemelil, halafu inafika tambarare ya Kano na kupunguza mwendo ghafla. Mto ukipunguza mwendo hutua mzigo. Huo udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvua watu gumbuti wakati wa masika ni mzigo wa aina hiyo, uliotuliwa miaka na miaka. Mfereji wenu nao ni mto mdogo: kila penye kalavati, kila penye kona, kila penye magugu, maji yanasita na tope linakaa. Mvua za kwanza za Machi ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huosha vumbi lililopigwa dawa kwa miezi bila kusombwa.

Lakini mvua isibebe lawama yote. Nimesimama kwenye mifereji mingi ya namna hiyo, na nilichokiona mara nyingi zaidi ni hiki: kijana amemaliza kunyunyiza, ameshuka hadi majini, amefungua kifuniko cha pampu na kuizamisha mferejini ijae. Anaitikisa, anamwaga. Povu jeupe linaelea mita chache na kupotea kwenye majani. Anarudia. Kisha anasuuza kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, ambacho ndani yake kuna dawa isiyochanganywa hata na tone la maji. Kazi ya dakika mbili. Kwa viumbe wa mfereji, dakika mbili hizo zinaweza kuwa na uzito kuliko shamba zima lililonyunyizwa kwa uangalifu.

Hapo ni lazima tuzungumze vipimo, maana watu husikia "kidogo" wakadhani haidhuru. Kuna mdudu wa majini wa Marekani anayefanana na kamba mdogo, anaitwa Hyalella azteca, na maabara nyingi humtumia kupima tope. Ukimweka siku kumi kwenye tope lenye mboji kidogo, bifenthrini ya nanogramu tano hivi kwa kila gramu ya tope kavu inatosha kuua nusu ya wenzake. Tuliweke hilo kwenye gunia. Katika gunia la kilo 90 la tope kavu, hiyo ni chini ya nusu ya miligramu. Punje chache za chumvi laini ndani ya gunia zima. Mwaka 2004 watafiti wa California walichapisha matokeo ya sampuli 70 za tope la mifereji na vijito vya mashamba ya Central Valley. Pairethroidi zilionekana katika robo tatu ya sampuli hizo, na sehemu nyingi tope lenyewe liliua viumbe wa majaribio. Wakulima wale hawakuwa wamemwaga mapipa mtoni. Walikuwa wakilima tu.

Tope likiwa na kiasi kilicho chini ya hicho, mnyama hafi papo hapo, na hapa ndipo madhara yanapojificha. Sumu hii hushika mishipa ya fahamu. Buu wa mtoni aliyekuwa ameng'ang'ania jiwe au mzizi anatetemeka, anaachia, anachukuliwa na maji. Hakufa, ila hayupo. Aliyebaki hali vizuri, anakua taratibu, anachelewa kuota mbawa na kuruka, na akiruka anataga mayai machache. Wengi wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi jioni huanza maisha wakiwa mabuu wekundu ndani ya tope. Samaki wachanga wanawategemea hao mabuu, na mbayuwayu na buibui wa ukingoni wanawategemea wakiisha kuruka. Kwa hiyo mfereji unaweza kupoteza vifaranga vya samaki bila samaki hata mmoja kuonekana tumbo juu. Wamekosa chakula wakahama au wakafa wachanga. Kambare naye, mumi kama mnavyomwita, hungoja mafuriko ya masika apande kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, wiki zilezile ambazo dawa ya mashambani inateremka.

Utajuaje basi kwamba ni dawa, si jambo lingine? Swali hili ni muhimu kwa sababu mfereji una maadui wengi: maji ya vyoo, magugumaji yanayomaliza hewa, hata udongo mtupu usio na sumu hufukia mayai na kuziba matamvua. Mimi huangalia nani hayupo na nani amebaki. Hewa ikiisha majini, kamba na mabuu wenye mikia mitatu myembamba kama nywele huondoka kwanza, lakini mabuu wekundu hubaki kwa wingi, kwa kuwa wekundu wao ni himoglobini ile iliyo kwenye damu yetu, nayo huwasaidia kushika hewa kidogo iliyopo. Samaki nao utawaona alfajiri wakihema juu ya maji. Sumu ya wadudu ina chaguo lake. Inawafagia wenye miguu ya viungo: kamba, mabuu, watoto wa kereng'ende, na ikizidi hata hao wekundu. Inawaacha konokono, ruba na minyoo, ambao miili yao haiathiriki sana na dawa hizi. Umeniandikia kamba hawapo na konokono wamejaa. Sijauona mfereji wako, ila maneno hayo mawili yakija pamoja huwa napata wasiwasi.

Chota tope kwa chujio la jikoni, lioshe kwenye sinia jeupe, uone mwenyewe. Tena ukitafuta kitambaa cha kuchujia, usichukue neti kuukuu ya mbu. Nyingi zilitiwa pairethroidi kiwandani, na utakuwa unawaua wanyama unaotaka kuwahesabu.

Sasa hao konokono. Ndio walionifanya nijibu barua yako mapema kuliko zilizotangulia, na wenzako wanisamehe. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye maeneo 48 ya maji upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambao icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilishiriki. Ulionyesha kwamba mahali penye dawa nyingi za kilimo ndipo konokono wa kichocho walipostawi. Mantiki yake ni nyepesi. Konokono hula ukungu wa kijani ulio juu ya mawe na majani, na mabuu wengi wanagombea chakula hicho hicho. Konokono wachanga huliwa na kamba, kaa na wadudu wakali wa majini. Dawa inaondoa mshindani, inaondoa adui, na mbolea iliyosombwa pamoja nayo inaongeza ukungu wa kijani. Konokono amebaki mezani peke yake. Hata kamongo, ambaye huvunja magamba ya konokono kwa meno yake mapana na kukaa kwenye tope wakati wa kiangazi, hawezi kusaidia mahali ambapo wavuvi wamekwisha kummaliza.

Kwa hiyo watoto wanaovuka mfereji huo miguu mitupu wapelekwe kupimwa choo na mkojo kwenye zahanati, na wakikutwa nacho wapewe prazikwanteli. Hili lisingoje tope lipimwe.

Umesema tope ni jeusi na lina rutuba. Ni kweli, nami nalipenda tope la namna hiyo shambani. Lakini weusi huo ni mboji, na mboji ndiyo dawa hizi zinaishika kwa nguvu kuliko hata mfinyanzi. Kwa hiyo tope lenye rutuba zaidi ndilo linaloweza kuwa limekusanya zaidi. Kuna upande wa pili, nisije nikakutisha bure: mboji ikishika dawa sana, haiiachii kwa urahisi, na kinachomdhuru mnyama hasa ni ile sehemu iliyoachiliwa kwenye maji yaliyobanwa kati ya chembe. Ndiyo maana matope mawili yenye kiasi kilekile cha dawa yanaweza kuua tofauti. Lakini bwawa la ngege ndipo mahali pabaya pa kubahatisha. Ngege dume huchimba kiota sakafuni kwa mdomo wake, jike huokota mayai humo na kuyaatamia kinywani. Wanakula mashapo, wanayatimua siku nzima. Ungekuwa umewapa tope hilo mdomoni.

Tena gizani chini ya maji, pasipo hewa na jua, dawa hizi haziondoki upesi. Nyingine huvunjika kwa miezi, na bifenthrini inaweza kupita mwaka. Halafu kuna wazee wao. DDT iliondolewa kwenye kilimo cha Kenya mwaka 1986, lakini tope lililotua kabla ya hapo bado lipo chini, na jembe la vijana wako litalifikia. Maabara ikipima, itazame pia vizazi vyake, DDE na DDD: vikiwa vingi kuliko DDT yenyewe, ni sumu ya zamani, DDT ikiwa nyingi kuliko watoto wake, kuna mtu ana gunia ghalani. Hiyo haivunjwi na jua la wiki mbili. Inapanda kutoka tope hadi buu, buu hadi samaki mdogo, hadi sangara, ikikaa kwenye mafuta. Kwa mlaji, samaki mdogo asiye na mafuta ana mzigo mdogo kuliko mkubwa mzee mwenye mafuta ya tumbo, na mafuta hayo unaweza kuyatoa na kuyatupa. Samaki aliyeokotwa amekufa ghafla, huyo asiliwe na mtu wala nguruwe. Kuna watu waliokuwa wakivua kwa kumwaga dawa majini, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu hiyo. Wavuvi waliolipa gharama wengi wao hawakuwa wamemwaga kitu.

Kuhusu kuzibua mfereji wenyewe: zibueni, lakini Januari au Februari maji yakiwa machache, si siku moja kabla ya mvua. Zuieni upande wa chini kwa magunia ya mchanga ili tope lililotimuliwa lisikimbilie kwa jirani. Lisirundikwe ukingoni, kwa sababu mvua ya kwanza italirudisha. Lipelekeni mbali. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uachwe kati ya mita sita na thelathini kutoka kimo cha mafuriko, nami ningechukua thelathini. Litandazeni jembamba lipigwe na jua msimu mzima, maana pairethroidi huvunjwa na jua na vijidudu vya udongo wenye hewa. Msikimbilie kupanda mabingobingo ya ng'ombe juu yake kabla ya kujua kama kuna sumu za zamani. Zikiwemo, zinaishia kwenye siagi ya maziwa.

Bwawa lako, kama linajazwa na mfereji huohuo, liwekee kijibwawa cha kwanza chenye mafunjo au matete yaliyosongamana, maji yapite humo polepole kabla ya kuingia kwa samaki. Shimo tupu halitoshi, kwa kuwa mfinyanzi mwembamba hauzami kwa saa chache. Mashina ndiyo yanaukamata. Na zungumza na majirani kuhusu pampu. Usianze na samaki wako. Waombe tu waoshee shambani na kumwaga maji hayo juu ya mimea ileile waliyoinyunyiza, na chupa wazisuuze mara tatu ndani ya pampu kabla ya kunyunyiza, dawa isipotee. Mkulima aliyenunua chupa ile kwa pesa zake anaelewa hoja hiyo haraka kuliko zote zangu.

Ukitaka kipimo cha maabara, waulize KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapo Kisumu au chuo kikuu kilicho karibu nawe, na uombe wapime tope. Chota sentimita mbili za juu tu kwa kijiko cha chuma kisichoshika kutu, tia kwenye chupa ya kioo, funika kwa karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, weka kwenye barafu na gizani. Gharama yake si ndogo, kwa hiyo kabla ya hapo fanya hili na wanafunzi wa darasa la juu.

Tafuta chupa sita za kioo zenye mdomo mpana. Tatu zitie tope la mfereji, tatu tope la mahali safi juu ya mashamba yote, kimo cha vidole viwili. Chambua wanyama wote waliomo. Mimina maji ya kisima taratibu juu yake, si ya bomba yenye klorini, kimo cha vidole vinne, uache siku nzima yatulie. Halafu weka kamba kumi kumi waliovuliwa mahali safi. Badilisha nusu ya maji kila siku bila kutimua tope, na wape unga kidogo sana. Mtu mzima avae glavu na gumbuti za mpira, na mtoto asiingie mferejini kuchota chochote, kwa sababu ya hao konokono. Wakifa zaidi ya wawili kati ya kumi kwenye chupa za tope safi, jaribio limeharibika, anzeni upya. Siku ya kumi mwaga kila chupa kwenye sinia jeupe, hesabu waliopona, na uniandikie namba zote sita, hata ile ya chupa ambayo mtu atakuwa ameiangusha.